Fimbo ya Mbali Haiui Nyoka: Somo la Redio ya Dharura ya Kujitengenezea



Katika somo la toleo hili tunaizungumzia redio ya dharura ambayo mtu anaweza kuitengeneza kwa mikono yake, jinsi inavyofanya kazi, na namna ya kuitumia bila kuvunja sheria. Tumelichagua somo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba maafa katika maeneo yetu hayatoi taarifa kabla ya kubisha hodi. Ya pili ni kwamba mtu anayeonekana akitundika waya juu ya mti karibu na mpaka huanza kutiliwa shaka na majirani, na mara nyingine hata na askari. Shaka hiyo huwavunja moyo vijana wenye kipaji, nao wenye nia mbaya huendelea kujificha. Tungependa kuiondoa shaka hiyo kwa elimu.

Kwa nini simu hunyamaza

Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika wilayani Kasese. Ulibeba mawe makubwa kutoka milima ya Rwenzori, ukabomoa nyumba na madaraja, ukawaacha maelfu bila makazi. Mwezi Mei mwaka 2020 ulirudi tena na kuiharibu hospitali ya Kilembe. Ng'ambo ya mpaka, jioni ya tarehe 22 Mei 2021, mlima Nyiragongo ulilipuka na lava ikafika pembezoni mwa jiji la Goma. Maelfu ya watu walikimbia usiku huo, wengine wakavuka kuingia Rwanda. Shirika la UNICEF lilieleza kwamba watoto zaidi ya 150 walitenganishwa na familia zao, na wengine zaidi ya 170 walihofiwa kupotea.

Katika saa kama hizo kila mtu hushika simu. Lakini simu ya mkononi haizungumzi moja kwa moja na simu nyingine. Huzungumza na mnara, na mnara huhitaji umeme, huhitaji kiungo cha kuufikisha ujumbe kwenye mitambo mikuu, na huwa na idadi maalumu ya watu wanaoweza kuongea kwa wakati mmoja. Umeme ukikatika, mnara huishi kwa betri na jenereta, navyo vina kikomo. Kiungo kikikatwa na maporomoko, mnara husimama lakini ni bubu. Na hata vyote vikiwa vizima, watu elfu wakipiga simu kwa dakika moja, wengi wao hawatapata nafasi.

Redio inayozungumza na redio nyingine moja kwa moja haimtegemei mtu wa kati. Kituo kimoja kikiwa na betri, waya na mtu anayejua kazi, na cha pili kikiwa hivyo hivyo, mawasiliano yapo. Hii ndiyo maana tumeanza na methali ya wahenga: msaada ulio mbali, hata ukiwa mkubwa kiasi gani, haumuui nyoka aliyekwisha kuingia ndani ya nyumba.

Redio ya ridhaa ni nini

Duniani kote kuna huduma iitwayo redio ya ridhaa. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, huieleza kuwa ni huduma ya watu wanaojifunza, wanaowasiliana na wanaochunguza ufundi wa redio kwa kuipenda kazi yenyewe, bila kutafuta faida ya fedha. Wamepewa masafa yao, na kila mmoja hupewa alama ya mwito inayoonyesha nchi yake. Alama za Uganda huanza na 5X, za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 9Q, za Rwanda 9X, za Burundi 9U, za Sudan Kusini Z8, za Kenya 5Z na za Tanzania 5H. Anayesikia alama hiyo hewani hujua mara moja msemaji ametoka wapi.

Desemba 2004 kundi la wanaredio wa ridhaa kutoka India bara, wakiongozwa na Bharathi Prasad, lilikuwa limekwenda Port Blair, katika visiwa vya Andaman, ili kuwasiliana na wenzao duniani. Tarehe 26 mwezi huo tsunami ilipiga visiwa hivyo. Kundi liliacha shughuli lililoijia, likaanza kupeleka na kupokea habari za waliookoka na za jamaa waliokuwa wakiwatafuta. Halikuwa limepanga kuwa kituo cha dharura. Lilikuwa na vifaa, ujuzi na kibali, nayo hayo matatu yakatosha.

Kuhusu kujitengenezea, historia inatupa mifano mizuri. Mwaka 1944, katika vita vya Anzio nchini Italia, askari wa Marekani walitengeneza redio za kusikilizia kwa wembe, kipande cha risasi ya penseli, waya na kisikilizio, bila betri yoyote. Katika miaka yetu hii, Ashhar Farhan wa Hyderabad, India, alibuni redio ya kutuma na kupokea iitwayo BITX kwa kutumia transista za kawaida na vipuri vya bei nafuu, akaitoa michoro yake bure. Mafundi wa nchi nyingi wameijenga mezani mwao wakiwa na chuma cha kulehemu na mita ya umeme tu.

Hatua ya kwanza: redio ya kusikiliza isiyo na betri

Tunashauri kila kikundi kianze na redio ya kusikiliza. Haitumi chochote, kwa hiyo haimwingilii mtu, na inafundisha misingi yote. Vipuri vyake vingi hupatikana kwa fundi redio wa sokoni, katika redio kuukuu zilizokwisha kufa.

Vinahitajika vitu hivi: bomba la plastiki au la karatasi ngumu lenye upana wa sentimita 6.5, waya wa shaba uliopakwa vanishi, wenye unene wa nusu milimita, kama ule unaotoka kwenye transfoma kuukuu, kapasita ya kugeuzwa ya kuchagulia stesheni, yenye kiasi cha pikofaradi 365, dayodi ya jemaniamu, na kisikilizio cha kristali. Zingatieni kwamba visikilizio vya simu havifai hapa, kwa kuwa hula nguvu nyingi kuliko ile inayoletwa na waya.

Zungusheni waya kwenye bomba mara 60, mizunguko ikigusana, kisha kwangueni vanishi kwenye ncha zote mbili. Ncha ya kwanza iungeni na waya wa antena wenye urefu wa mita 20 hadi 30 uliotundikwa juu. Ncha ya pili iungeni na ethi, yaani chuma kilichopigiliwa katika udongo wenye unyevu. Kapasita iungeni kati ya ncha hizo mbili. Kutoka ncha ya antena ungeni dayodi, kutoka dayodi ungeni kisikilizio, na upande wa pili wa kisikilizio urudi kwenye ethi.

Waya wa juu hunasa mawimbi yote kwa pamoja. Koili na kapasita huchagua wimbi moja na kuyaacha mengine, kama chekeche inavyochagua punje. Dayodi huuacha umeme upite upande mmoja tu, na hapo ndipo sauti iliyobebwa na wimbi hutengana na wimbi lenyewe. Nguvu inayotikisa kisikilizio imetoka kwenye mnara wa stesheni, ndiyo sababu betri haihitajiki.

Redio hii ina mipaka yake. Hupokea masafa ya kati tu, si FM, na husikia stesheni zenye nguvu au zilizo karibu. Kwa kusikiliza matangazo ya dharura kila siku, redio ndogo ya kawaida yenye betri au sola bado ni bora zaidi. Lakini aliyeijenga hii kwa mikono yake hataiogopa tena redio yoyote, na ataweza kuirekebisha nyingine usiku ambao fundi hapatikani.

Hatua ya pili: antena ya nchi ya milima

Wengi hudhani kuwa redio nzuri ni ile iliyonunuliwa kwa bei kubwa. Ukweli ni kwamba antena ndiyo nusu ya kituo, na antena bora inaweza kutengenezwa kijijini.

Redio kol ndogo za mkononi husafiri kwa mstari ulionyooka. Zikikuta mlima, husimama. Katika bonde la Rwenzori au kwenye miteremko ya Kisoro, mtu anaweza kushindwa kumsikia mwenzake aliye kilomita tano tu, kwa kuwa kilima kimekaa katikati. Masafa ya chini zaidi, kama yale ya megahezi 7 na megahezi 3.5, yana tabia nyingine. Yakitumwa kuelekea juu, hugonga tabaka la anga lenye chembe za umeme na kurudi chini kama mvua. Mvua haiulizi kama kuna mlima. Hunyesha kwenye bonde hili na lile. Kwa njia hiyo kituo kimoja huweza kufika kila mahali katika eneo la kilomita 300 na zaidi kulizunguka.

Ili wimbi liende juu, antena inapaswa kulala sambamba na ardhi, tena isiwe juu mno. Kimo cha mita 4 hadi 8 kinatosha, yaani miti miwili au nguzo za mianzi. Urefu wa waya hupatikana kwa hesabu nyepesi: gawanyeni 143 kwa masafa yaliyohesabiwa kwa megahezi, jibu ni mita. Kwa megahezi 7.1 tunapata mita 20.14, mkiugawa waya katikati, kila upande una mita 10 na sentimita 7. Kwa megahezi 3.76 tunapata mita 38, yaani mita 19 kila upande. Kateni waya mrefu kidogo kuliko hesabu, kisha mpunguze polepole wakati wa kupima.

Katikati, pande mbili za waya zisigusane. Zifungeni kwenye kipande cha bomba la plastiki, na ncha za nje zifungeni kwa kamba ya nailoni. Kutoka katikati telemsheni kebo ya duara. Ile ya dishi la televisheni, yenye omu 75, inafaa kwa nguvu ndogo. Waya wa ndani wa kebo uungwe na upande mmoja wa antena, na wavu wake wa nje uungwe na upande wa pili. Kwa kawaida masafa ya megahezi 7 hufanya kazi vizuri mchana, na yale ya megahezi 3.5 huchukua zamu usiku. Kwa hiyo kijiji kilichojiandaa huwa na antena mbili.

Hapa pana onyo ambalo hatuna budi kulisisitiza. Nchi zetu ni za radi. Utafiti wa setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliiweka Kabare, katika Kivu ya Kusini, ya pili duniani kwa wingi wa radi. Mwaka 2011 radi iliua wanafunzi 18 wa shule ya msingi ya Runyanya, wilayani Kiryandongo. Mawingu yakianza kunguruma, ondoeni kebo kwenye redio na kuitupa nje ya nyumba. Msingoje tone la kwanza. Msitundike waya mahali ambapo ukianguka unaweza kuugusa waya wa umeme, wala msifunge antena kwenye nguzo za umeme. Na mtu asiguse antena wakati redio inatuma.

Hatua ya tatu: nguvu na kituo cha kutuma

Redio ya kutuma si ya kuwashwa na kila mtu. Hutumiwa na mwenye leseni, naye fundi anayeijenga huijaribu chini ya usimamizi wa mwenye leseni. Hata hivyo kijiji kizima kinapaswa kujua jinsi ya kuilisha nguvu, kwa sababu dharura haina siku moja.

Tuseme redio ndogo ya kujitengenezea yenye wati 5 hula ampia 0.15 ikisikiliza na ampia 1.2 ikituma. Tuseme tena mna betri ya volti 12 yenye ampia-saa 7, kama zile za taa za sola. Betri ya namna hiyo isinyonywe kupita nusu, kwa hiyo mnazo ampia-saa 3.5 za kutumia. Mkiiacha redio wazi mchana na usiku, kusikiliza peke yake kutakula ampia-saa 3.6 kwa siku, na betri itakuwa imekwisha kabla hamjasema neno. Lakini mkikubaliana na vituo vingine kusikiliza dakika tano za mwanzo za kila saa, mtasikiliza jumla ya saa mbili kwa siku, yaani ampia-saa 0.3. Ongezeni saa moja ya kutuma kwa siku nzima, ampia-saa 1.2. Jumla ni ampia-saa 1.5. Betri ile ile sasa inawachukua siku mbili bila jua hata kidogo, na inabaki na akiba.

Funzo ni kwamba nidhamu ya ratiba ina thamani kuliko betri kubwa. Kituo kinachopiga kelele muda wote hufa usiku wa kwanza.

Sheria, mpaka na imani kati yetu

Nchini Uganda, Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 2013 inataka leseni kwa anayeweka au kutumia kituo cha redio, na leseni hutolewa na Tume ya Mawasiliano, UCC. Nchi jirani nazo zina mamlaka zao. Leseni ya upande mmoja si ruhusa ya kutuma upande wa pili. Aliyevuka daraja na redio yake amevuka pia mamlaka ya kibali chake.

Kanuni za Redio za ITU zina mambo matatu yanayowahusu watu wa mipakani moja kwa moja. La kwanza, mawasiliano kati ya vituo vya ridhaa vya nchi mbili hayaruhusiwi kufichwa kwa maneno ya siri. Semeni wazi, kwa lugha inayoeleweka. La pili, kituo cha ridhaa hakiruhusiwi kupeleka nchi nyingine ujumbe wa mtu mwingine, isipokuwa katika dharura au katika kazi ya kuwaokoa waliokumbwa na maafa. Kwa hiyo kutuma bei za ndizi ng'ambo ya mto si halali, lakini kuomba machela ni halali. La tatu, kituo kilicho hatarini hakizuiwi kutumia njia yoyote ya redio iliyopo ili kujulisha hali yake, mahali kilipo na kuomba msaada. Kifungu hiki cha mwisho ni mlango wa kuokoa uhai. Yeyote asikifanye kisingizio cha kutuma siku za kawaida bila leseni.

Waya juu ya mti haumfanyi mtu kuwa mpelelezi, wala kulehemu transista si uhalifu. Lakini askari anayekuta mtambo usiojulikana karibu na mpaka ana wajibu wa kuuliza, kwa kuwa wapo wanaotumia redio kuelekeza magendo kwenye njia za panya na kuonya wenzao kuhusu doria. Kinachowatenganisha watu hawa wawili si kifaa, ni kujulikana. Mwanaredio mwema huwa na leseni yake karibu na mtambo, mwenyekiti wa kijiji anamfahamu, kituo cha polisi kina nakala ya alama yake ya mwito, na daftari lake la mawasiliano liko wazi. Kwa upande wetu, tunawaomba maofisa wenzetu waulize kabla ya kung'oa na wasome leseni kabla ya kuhukumu. Antena iliyovunjwa leo kwa hasira ndiyo itakayokosekana mto utakapofurika.

Aidha, mwanaredio asitangaze mahali walipo askari, mienendo ya majeshi, wala idadi ya wakimbizi walio katika kambi isiyolindwa. Redio husikiwa na kila mwenye sikio, mwema na mbaya.

Ujumbe unaookoa

Kifaa kizuri mkononi mwa mtu aliyechanganyikiwa hakileti msaada. Kabla ya kubonyeza kitufe, andikeni ujumbe kwenye karatasi. Uwe na mambo sita: ninyi ni nani, mko wapi, ni saa ngapi, nini kimetokea, watu wangapi wameathirika, na mnahitaji nini. Mfano ni huu:

“Ujumbe namba moja. Kutoka kituo cha shule, kwenda kituo cha polisi. Saa nne na dakika ishirini asubuhi, saa za Uganda. Daraja la chini limevunjika. Tumeona wenyewe. Watu kumi na wanne wamebaki ng'ambo. Wawili wameumia, mmoja hawezi kutembea. Tunahitaji kamba, machela na muuguzi. Njia ya juu kupitia sokoni inapitika. Mwisho wa ujumbe.”

Anayepokea huandika, kisha husoma tena neno kwa neno, naye mtumaji husema “sahihi” au hurekebisha. Bila kusoma tena, kumi na wanne huweza kugeuka arobaini.

Tumesisitiza maneno “saa za Uganda” kwa sababu maalumu. Uganda iko saa tatu mbele ya saa za kimataifa, ilhali Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo ziko saa mbili mbele. Inapokuwa saa nne asubuhi Mpondwe, ni saa tatu Kasindi, ingawa watu wanaonana kwa macho. Zaidi ya hapo, wapo wanaohesabu saa kwa Kiswahili na wapo wanaohesabu kwa Kifaransa au Kiingereza; mmoja akisema “saa kumi” ana maana ya jioni, mwingine ana maana ya asubuhi. Timu ya uokoaji inayofika kwa kuchelewa saa moja inaweza kukuta mto umekwisha kupanda. Tajeni daima ni saa za nchi gani, na ni asubuhi, mchana, jioni au usiku.

Tumesisitiza pia maneno “tumeona wenyewe”. Katika maafa uvumi hukimbia kuliko maji. Mtumaji atenganishe aliyoyaona na aliyoambiwa. “Nimeambiwa kuwa bwawa limepasuka” na “nimeliona bwawa limepasuka” ni ujumbe wa aina mbili, na wa kwanza usitumwe kama wa pili.

Kuhusu watoto waliopotezana na wazazi, tajeni hewani umri, jinsia na namba ya fomu tu. Jina kamili, jina la wazazi na alama za mwilini zibaki kwenye daftari la mwandikishaji. Asiye na haki asije akasikiliza redio, akajua yote, akajidai mzazi. Anayekuja kumdai mtoto ndiye ataulizwa yale ambayo hayakusemwa hewani.

Mpango wa kijiji

Afrika yote imo katika Kanda ya Kwanza ya ITU, na wanaredio wa ridhaa wa kanda hii wamechagua masafa ya kukutania wakati wa dharura, yakiwemo kilohezi 7110 na kilohezi 3760. Yaandikeni ukutani palipo na redio. Kisha fanyeni mambo manne. Chagueni watu wawili wa kujifunza na kuomba leseni, mwanamume na mwanamke, ili mmoja asipokuwepo kazi isisimame. Chagueni mahali pa juu pasipofikiwa na maji, kama vile shule au zahanati. Peaneni ratiba ya kusikiliza na vijiji jirani. Na fanyeni zoezi kila mwezi, mchana na usiku, mkitanguliza maneno “hili ni zoezi” mwanzoni na mwishoni mwa kila ujumbe ili asiyehusika asitaharuki.

Redio haichukui nafasi ya namba za dharura 999 na 112. Simu ikiwa inafanya kazi, pigeni simu. Redio ni ya saa ile ambayo simu imenyamaza, nayo haijengwi saa hiyo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Mto ukifurika usiku huu na mnara wa simu ukazimika, ni nani kijijini kwetu angejua kwanza, naye angemjulisha nani kwa njia gani?

2. Ni mahali gani pa juu, penye miti miwili iliyoachana zaidi ya mita 20 na mbali na waya wa umeme, panapofaa kwa antena?

3. Pigeni hesabu: betri ya ampia-saa 12 inyonywe nusu tu. Kwa ratiba tuliyoieleza, itatuchukua siku ngapi bila jua?

4. Andikeni ujumbe wa dharura wenye mambo sita. Mmoja ausome kwa sauti, mwingine auandike na kuusoma tena. Ni maneno gani yamebadilika njiani?

5. Kijana wa kijiji chetu akianza kutengeneza redio, tutafanya nini ili ajulikane na kulindwa badala ya kushukiwa?

Majibu yenu mnaweza kuyapeleka kwa ofisa wa uhusiano wa jamii katika kituo cha polisi kilicho karibu, ambaye pia atawaelekeza namna ya kuomba leseni.